Joto la Chumba cha Wifi

Mayfair, Johannesburg
7 Mei 2023

Wifi yangu Mwanaharusi,

Shikamoo. Nimeanza na hiyo kwa sababu nakujua, usipoamkiwa barua unaigeuza kuwa ya kufungia bizari. Sisi sote wazima. Ndugu yako Ishaka anakula na anakoroma. Zuhura ametimiza miaka kumi na minne. Kiswahili anakisikia, lakini kujibu anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika anahamia Kizulu ili nisimwelewe. Shangazi yake akija atanyooka.

Sasa habari yenyewe. Chumba chako kimefika kwenye linta, usawa wa juu ya mlango! Pale nyuma palipokuwa na kibanda cha mabati nilichowekea vitambaa vyangu, leo pana kuta nne za matofali na mlango unaotokea jikoni kwangu. Ni hatua kumi, nimezihesabu. Ulisema mwenyewe mwaka jana, baada ya arobaini ya marehemu mama: "Mkinijengea chumba changu, si cha kulala na mtoto, nitakuja nikae nanyi." Basi usije ukageuza maneno. Tangu mama atutoke ukabaki peke yako kwenye nyumba ile, Ishaka anakoroma, ndiyo, lakini moyo wake haujalala.

Kuna jambo moja tu linataka kauli yako. Baridi. Nyumba za huku zilijengwa na watu waliodhani kipupwe ni uvumi. Mwezi wa sita na wa saba maji ya bomba la uani yanaganda asubuhi. Kwa hiyo chumba lazima kitiwe joto, na fundi wetu anataka kujua joto gani kabla hajaweka vigae. Fundi mwenyewe ni Jacques, Mkongomani wa Lubumbashi, mtu wa kanisa, mkono wake safi.

Ishaka anataka hita ya gesi, maana umeme huku tunakatiwa kwa ratiba na gesi haijali ratiba. Ina mtungi mgongoni na sahani tatu mbele zinazowaka nyekundu. Jacques hakuipenda: "Madame Tabia, gaz iko muzuri, lakini inakula mupepo yote ya mu chumba. Inaomba dirisha wazi." Mimi nafikiria ile ya mafuta. Ya umeme, ina mbavu za chuma na magurudumu, unaivuta mpaka kitandani, unaegesha miguu pembeni yake. Wewe unasemaje?

Tena niletee kipimo. Fordsburg kuna fundi viatu anashona ndara za ngozi ya kondoo, manyoya ndani. Kanyaga karatasi, zungusha kalamu miguu yote miwili, mpe huyo huyo Salum aliyekuletea barua hii, akipanda basi kurudi huku. Kwenye simu usinijibu haya, Ishaka atadakia. Ulisema kweli ulipoagana nami: simu ni ya Ishaka, barua ni zetu.

Wifi yako,
Tabia


Makorora, Tanga
19 Mei 2023

Wifi yangu Tabia,

Marahaba. Salum amefika na kilio cha mgongo, nimempa chai, amepona.

Nimesoma habari ya chumba mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nikaona kwamba umeniweka karibu na jiko ili ukichoka kupika unisukumie mwiko. Haya, nimekubali.

Lakini hayo mahita yako! Nilale chumba kimoja na mtungi? Huo mtungi uliniposa lini? Na hilo la pili, lenye mbavu kama ng'ombe wa ukame, unasema nilivute niliegeshee miguu. Kitu chenye magurudumu hujui kitaamkia wapi. Sitaki. Wifi mwenzio anatafutiwa raha, wewe unatafuta pa kunibanika. Mablanketi huko hayauzwi? Nina sweta la marehemu mama, nina kanga, nina udi. Niache hivyo hivyo.

Kipimo nimekutilia humu. Huo ni mguu wa kulia. Wa kushoto ni pacha wake, fundi asijitie ujuaji, afuate huo huo.

Nimekupakilia visheti, dagaa na udi. Mkate wa kumimina hakuna safari hii. Siku hizi anayechoma ni Mwatumu, jirani yangu, na wateja wangu wote wamehamia kwake. Mkaa umenichosha. Miaka thelathini ya kupalia makaa juu na chini, mtu anapumzika.

Mbusu Zuhura. Mwambie nikija, atakayenijibu kwa Kiingereza namjibu kwa Kibondei.

Wifi yako mvumilivu,
Mwanaharusi


Mayfair
2 Juni 2023

Wifi yangu,

Shikamoo. Visheti vimefika vikiwa nusu. Salum anasema vilivunjika njiani, lakini vunjika gani hiyo isiyoacha hata unga?

Nimecheka kwa habari ya mtungi mpaka nikajichoma sindano. Nilikuwa nashona baibui la mteja wa Fordsburg, ikabidi nifumue. Ishaka akauliza nacheka nini, nikamwambia mambo ya wanawake, akakimbia.

Sawa, gesi tumeiacha, na mbavu za ng'ombe tumeziacha. Nimekupatia la kukufaa. Jacques alinipeleka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaonyeshwa nyaya zinazotandazwa chini ya vigae. Huzioni, huzisikii. Unabonyeza ukutani, baada ya saa moja sakafu yote inakuwa vuguvugu. Hakuna mtungi, hakuna kitu cha kutembea. Unashuka kitandani alfajiri kutia udhu, na mguu wako badala ya kukutana na barafu unakutana na kama mchanga wa saa nne asubuhi. Nilivua viatu pale dukani nikasimama juu ya kigae cha kuonyeshea. Wifi, sikutaka kuondoka. Muuzaji alidhani nimeganda.

Na nikiwa nimesimama pale, nilikukumbuka wewe. Unakumbuka siku ya hina yangu? Miguu yangu miwili ilikuwa mapajani mwako kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Sikuwa nakujua, nilikuwa nakuogopa, nilikuwa nimeambiwa wifi huyo ulimi wake pilipili. Wewe ukanishika kisigino ukaniambia, "Ukitikisika nitakuacha na ua nusu." Nikatikisika, ukaniacha na ua nusu. Lakini ulivyonishika, nilijua nimefika kwa watu. Basi na mimi nataka miguu yako ikanyage raha nyumbani kwangu.

Mbona kipimo cha mguu mmoja? Uvivu huo. Nimemkatalia fundi kuanza. Niletee na wa pili.

Tabia


Makorora
14 Juni 2023

Tabia,

Usinitie moto chini.

Mimi si mkate wa kumimina. Nimesema sitaki, na kwa umri wangu mtu akisema sitaki haulizwi mara mbili. Nyaya chini ya vigae, nani anaziona zikizidi? Wewe uko kwenye cherehani, Ishaka yuko kazini, mtoto yuko shule, mimi nimekaa juu ya moto nisiouona. Huo ndio ukarimu wa Johannesburg?

Kama hamna joto la namna nyingine, niacheni na baridi yangu. Na habari ya ndara ikomee hapo. Mguu mmoja umeuona, unatosha.

Salum hatapanda basi tena mpaka Idd ipite na shughuli zake ziishe. Mkaribie Idd kwa heri.

Mwanaharusi


Mayfair
11 Julai 2023

Wifi yangu mkali,

Shikamoo, na Idd Mubarak iliyochelewa. Kaa chini ndipo usome.

Jana theluji imeanguka! Hapa, Johannesburg, mtaani kwetu. Miaka yote niliyokaa huku sijaiona. Zuhura alitoka shuka mabegani, akasimama uani mdomo wazi, "Eish, Mama! Mama, look!" halafu, nakuapia, akaniambia kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Inadondoka polepole." Ishaka alitoka na kanzu ya kulalia, akaokota kidogo kwenye kiganja, akasema, "Dada angeiona hii angeniuliza nani atafagia."

Nami nina langu la kukwambia. Chumba kimekwisha. Na sakafu nimeitia nyaya.

Usianze. Barua yako ya mwezi wa sita iliniuma, sikufichi, siku mbili sikumwambia hata Ishaka kwa nini nimenuna. Siku ya tatu nikajicheka. Nikasema, Tabia, hujui wifi ni nini? Wifi hakubali kitu mara ya kwanza. Hata mahari yangu ulisema ni nyingi, chakula cha harusi ukasema kimepoa, nguo niliyovaa ukasema inanibana, na usiku huo huo ukamwambia mama mkwe kwamba Ishaka amepata mke. Aliniambia mwenyewe marehemu. Wifi akikushukuru mara ya kwanza ujue anaumwa! Basi nikamwambia Jacques aweke.

Jana, theluji inaanguka, nikawasha. Tulikaa humo sote watatu, na Jacques, miguu mitupu, tunakunywa chai. Jacques akasema, "Mama wa Tanga akifika hapa, hatatoka tena." Nasi tukasema amina.

Kitanda kimewekwa. Kinakungoja wewe tu. Ishaka anataka upande basi na Salum mwezi wa nane.

Wifi yako, asiyesikia la mtu,
Tabia


Makorora
22 Julai 2023

Kwa Bi Tabia,

Nimepokea barua yako. Nakushukuru sana kwa kazi kubwa mliyoifanya, wewe na Ishaka.

Nimefikiri, nimeona kwamba mwaka huu sitaweza kuja. Nyumba haiwezi kuachwa peke yake na mvua za vuli ziko karibu. Chumba mpeni Zuhura, amekua, anahitaji nafasi yake.

Mwambie Ishaka asinune. Nawashukuru tena, Mungu awazidishie.

Mwanaharusi


Mayfair
30 Julai 2023

Wifi,

Umenishukuru. Mara mbili, katika karatasi moja. Na ukaniita Bi.

Nilipoisoma nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Ningejua cha kufanya kama ungenitukana. Nimemwita Salum jikoni, nikamfungia mlango, nikamwambia hatoki mpaka aniambie amekukutaje. Alizunguka sana. Mwisho akasema kwamba zamani ulikuwa unamsubiri njia panda, unamgombeza tangu hajashusha mzigo. Safari hizi mbili umempokea umekaa barazani, hukuinuka, na mguu wa kushoto umeufunika kanga. Na Mwatumu ndiye aliyemtilia chai. Akasema ulimwapisha asiniambie. Usimlaumu, kwangu amekunywa chai mbaya mpaka amesema.

Nikaenda kwenye kabati nikatoa ile karatasi ya mguu wako. Mguu mmoja. Wa kulia.

Halafu nikazisoma barua zako zote upya, nikiwa simtafuti wifi. Hukutaka sahani nyekundu. Hukutaka kitu cha kuegesha miguu. Hukutaka sakafu. Mkaa umeuacha, wewe uliyemsomesha Ishaka kwa mkaa. Mimi nilikuwa nacheka, nilidhani ni utani wetu ule ule. Nisamehe, wifi. Uliniambia kwa kila namna isipokuwa kwa maneno, na mimi nikatandaza nyaya.

Sikuulizi kitu. Nichoree mguu wa kushoto.

Tabia


Makorora
10 Agosti 2023

Wifi yangu Tabia,

Karatasi ya pili iko nyuma ya hii. Itazame peke yako, na usihesabu vidole mbele ya mtoto.

Sukari ninayo tangu mwaka juzi, hiyo wewe na Ishaka mlijua. Mlilokuwa hamjui ni kwamba miguu imekufa ganzi. Ilianza kidogo kidogo. Nikivuliwa kiatu na tope sijui, naona watu wanacheka tu. Nikachukulia ni uzee.

Ramadhani hii nesi alinikataza kufunga, lakini mikate ya watu ya futari haikukatazwa. Nilikuwa uani, sufuria tatu motoni, mikono yote miwili ina kazi. Nikasikia harufu ya nyama ya kuchoma. Nikasema moyoni, leo kwa Mwatumu wanafuturu mishikaki, na mimi sijaalikwa. Nikanuna kabisa, wifi! Naendelea kupalia makaa, nanuna. Mara Mwatumu akachungulia ukutani, akapiga ukelele: "Mwanaharusi, unaungua!" Nikatazama chini. Nimekanyaga kaa la moto, na nimelisimamia muda gani, Mungu ndiye ajuaye. Ile nyama ilikuwa mimi.

Sikuumia hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Ningelia ningejiona mzima.

Kidonda kikagoma kupona, na wiki ya Idd Kubwa wakakitoa kidole cha mwisho. Mwatumu alinipeleka, Mwatumu akanirudisha. Sasa kidonda kimefunga, daktari anaridhika. Lakini kaniambia moto na mimi basi, hata chupa ya maji ya moto nisilale nayo. Kila hita uliyoniandikia nilikuwa naiona tayari mguu wangu uko juu yake. Moto wowote, wifi, unamtegemea mtu wa kusema "ah!" Mimi "ah" yangu huko chini imekufa.

Ungeuliza kwa nini sikusema. Nitakwambia. Kwa sababu nesi amesema lazima mtu aniangalie nyayo kila siku, visigino na katikati ya vidole, maana mimi mwenyewe mgongo haunipeleki huko. Hapa ananiangalia Mwatumu, tumekua pamoja, nyayo zangu anazijua tangu zina matope. Huko nani? Ishaka nilimwogesha mimi. Mtoto ataogopa. Unabaki wewe. Mimi wifi yako nikuinulie nyayo zangu usoni? Nilitaka nije kukutafutia makosa jikoni. Nilitaka nikiingia mlangoni useme, "Amekuja, sasa tutakoma." Sikutaka useme, "Amekuja, mpisheni akae."

Naona haya, Tabia. Basi. Nimekwisha sema.

Ishaka asijue.

Mwanaharusi


Mayfair
21 Agosti 2023

Wifi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimempa Ishaka aisome.

Ndiyo, nimevunja agano. Barua ni zetu, lakini mguu ni wa dada yake. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye mishikaki alicheka, na hapo hapo akalia. Akaenda chumbani kwako, akavua viatu, akakaa sakafuni, na sakafu ilikuwa baridi kama jiwe maana nyaya nimekwisha zizima. Nilimwacha. Alipotoka aliniuliza neno moja tu: "Lini?"

Sasa nisikilize habari ya joto, na safari hii nimeuliza ninayemjengea.

Nyaya ziko chini ya vigae, kuzitoa ni kuvunja, basi Jacques amezikata kwenye swichi na kupaziba ukutani kwa saruji. Alinibembeleza: "Madame, hii haiunguze mutu, iko na kipimo yake." Nikamwambia inawezekana, lakini kipimo kikiharibika atakayesema "ah" ni nani? Akaenda kukoroga saruji.

Joto lako tumelipandisha juu. Ni kiyoyozi, kile kile cha kupoza, ila hiki kinageuzwa kikatoa hewa ya moto. Kiko juu ya mlango, karibu na dari. Hata ukikirushia kiatu hukifikii. Na huku jua la kipupwe linapita upande wa kaskazini, siye tulikuwa tumeweka dirisha dogo kusini kwa sababu mimi nilitaka uone jikoni kwangu. Jacques amevunja ukuta wa kaskazini, ametia dirisha pana. Juu ya dari ametandaza godoro la sufi, joto likiingia halitoki. Umeme ukikatwa, ukuta unakuwa bado una vuguvugu la mchana. Nimekaa humo jioni tatu mfululizo na kipimajoto cha Zuhura cha shule, naandika. Inatosha kwa mtu, sweta na wifi.

Tatizo ni moja, kiyoyozi kinakoroma. Nimekwambia Ishaka anakoroma, utajihisi nyumbani.

Ndara zimeanzwa. Nimempelekea fundi karatasi zote mbili. Hakuuliza kitu, mtu mzima yule, kapima akasema, "Ya kushoto nitaiachia nafasi ya bandeji, na mshono wote nitautoa nje usije ukasugua." Ni miguu miwili tofauti, wifi, si mapacha. Kila mmoja atavaa cha kwake.

Na habari ya haya. Hiyo ndiyo iliyoniliza mimi. Miguu yangu ulipoishika siku ile nilikuwa mwali mwenye visigino vilivyopasuka, nilitoka kutembea shamba wiki nzima, niliona haya ya kufa. Wewe uliviona, ukavikolezea hina mpaka havikuonekana, hukumwambia mtu. Umewahi kumwambia mtu? Basi. Miaka kumi na saba nimekaa na deni la ua nusu. Kila jioni baada ya Magharibi nyayo zako ziko mapajani mwangu, na ukitikisika shauri yako. Tena kazi ya wifi ina ada yake, nataka visheti vizima.

Makosa jikoni yapo. Chai yangu bado mbaya, Salum ni shahidi. Njoo.

Wifi yako,
Tabia


Chumba cha uani, Mayfair
24 Septemba 2023

Wifi yangu Tabia,

Unaniuliza kuna nini, hatua kumi tu, nimekaa nakuandikia barua. Barua ni zetu. Zuhura ndiye Salum wa leo, na nimemwambia ada yake ni kujibu kwa Kiswahili. Amesema, "Sharp, shangazi," ndiyo haya yao ya huku. Nimehesabu nusu.

Wiki tatu niko hapa. Nimefika, baridi yenu imekwisha, kiyoyozi kimewashwa mara nne, tena mara mbili ni Ishaka anataka kunionyesha kwamba kinafanya kazi. Dirisha ni zuri. Dari liko chini kidogo.

Nataka kukuandikia habari ya leo mchana, kwa sababu mdomo umenishinda.

Nilikuwa nimekaa juani hapa dirishani na ndara zangu, nachambua mchele. Sikujua kwamba huku leo ni sikukuu na kila nyumba inachoma. Mara nikasikia harufu ya nyama. Wifi, roho ilitoka. Nilitazama juu ya mlango, kiyoyozi kimezimwa. Nikatazama sakafu. Nikashindwa kutazama miguu yangu. Nilijua nikitazama nitaona, na nisipotazama itaendelea. Ungo ukaanguka, mchele wote ukamwagika. Nikaita jina lako kwa sauti ambayo mtu mzima haiti.

Ulikuja mikono ina unga. Hukuuliza. Ulipiga magoti juu ya mchele, ukavua ndara ya kulia, ukavua ya kushoto, ukashika kisigino kimoja kimoja ukakigeuzia kwenye mwanga. Ukapitisha kidole katikati ya vidole vyangu vyote tisa. Nilikuona, mkono wako haukuwa na haraka. Halafu ukainua uso ukaniambia, "Ni nyama ya jirani, wifi."

Ukacheka, nami nikacheka, kisha ukarudi jikoni kama mtu aliyeulizwa saa. Miguu yangu ina unga wako mpaka sasa hivi. Nimemkataza Zuhura asiufute.

Nilikuogopa, Tabia. Nilidhani siku ile utakaponigeuza nyayo nitakuwa nimekwisha, sina ulimi tena nyumbani kwako. Leo nimeona kwamba ulimi ninao. Chapati zako unazikanda kama una ugomvi nazo, na mchele wangu uje uuokote wewe, maana wewe ndiye uliyeupigia magoti.

Magharibi inakaribia. Hina nimekwisha koroga, nataka lile ua nusu nilimalizie, kwa hiyo leo zamu mbili, nyayo zangu kisha zako.

Na mwambie Ishaka achungulie ukutani kwa huyo jirani. Labda safari hii tutaalikwa.

Wifi yako,
Mwanaharusi